Kipande cha Mzungu na Suti Yangu ya Bluu

Jamani, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mwalimu wa historia, baba wa watoto watatu na mzee wa kanisa wa kuchaguliwa kwa kura, nilitumbukia kinyumenyume kwenye mfereji wa maji mbele ya mtendaji wa kata, mchungaji, kwaya, wanafunzi wangu wa kidato cha pili na mgeni aliyetoka Uingereza, tena kipaza sauti nikiwa nimekishika mkononi, kwa hiyo hata waliokuwa wanachunga mbuzi huko mbali walisikia nilichosema wakati naanguka. (Nilisema "Mama yangu!" Wapo wanaodai nilisema kitu kingine, msiwasikilize.) Na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba siku ile kuanguka ndiko kulikokuwa afadhali.

Yote yalianza na jibu moja tu nililoandika kwenye simu. Nafundisha sekondari hapa Same mjini, ila nyumbani kwetu ni kule chini ya Vudee, upande wa kuteremkia Makanya. Mchana mmoja nimekaa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari, ukaingia ujumbe kutoka kwa jamaa yangu mmoja anayepeleka wageni milimani: "Mwalimu, kuna mama wa Kiingereza anatafuta habari za babu yake, alikuwa rubani wa jeshi la anga kati ya vita kuu mbili, ndege yake ilitua huko kwenu. Habari hiyo unaijua?" Mimi sikuijua. Sikuwahi kuisikia hata kwa mbali. Lakini nilikuwa nimeshausoma ule ujumbe kwa sauti, na mwenzangu wa jiografia (mtu mwenye mdomo huyo, mnamfahamu) akasema, "Huyu hawezi kujua, huyu vita vyake ni vile vya kwenye kitabu tu." Walimu wakacheka. Basi nikaandika: "Naijua vizuri sana, mlete."

Nilidhani hatakuja. Wazungu huuliza mengi kwenye mtandao, halafu wanaishia Zanzibar. Mwezi haukuisha, Bi Janet huyo hapo, kwenye hoteli ya mjini, mama wa miaka kama sabini hivi, mwembamba, kofia ya turubai kichwani, na Kiswahili chake kilichonyooka (ujanani aliwahi kuwa muuguzi Kenya), akanisalimia, "Mwalimu, hujambo? Natumaini nyumbani ni wazima." Mkononi alikuwa na kitu amekifunga kwenye foronya ya mto. Akakifungua polepole, kikatoka kitabu kikubwa cha jalada la bluu lililopauka. Ndani ni safari zote za ndege za babu yake, mstari kwa mstari, kwa wino.

Akanisimulia, na mimi nikaagiza chai nikawa natingisha kichwa kama mtu anayekumbushwa. Babu yake, Meja Tilbrook (cheo chake kilikuwa na jina lingine huko kwao, lakini kwetu ni kama meja), alikuwa rubani kijana vita kuu ya kwanza. Vita vilipokwisha wenzake wengi wakarudishwa nyumbani wakawa makarani na wauza duka, yeye akabakizwa jeshini. Wakampeleka Iraki kupeleka barua kwa ndege juu ya jangwa. Kisha Misri, kufundisha vijana kurusha ndege. Kisha chuo cha maofisa wakubwa, ambako hapelekwi mtu ila anayetazamiwa kupanda. Kila mtu katika ukoo wao alijua kwamba yule atakuwa jenerali. Mwishowe akatumwa Tanganyika kupiga picha milima kutoka angani ili ichorwe ramani.

"Na hapa," Bi Janet akasema, akafungua ukurasa mmoja, "hapa ndipo tulipompoteza."

Nikatazama. Wiki tano nzima za kitabu, hakuna safari hata moja. Kila siku ameandika maneno yale yale mawili kwa Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni "Same. Chini." Same, chini. Same, chini. Mpaka mwisho wa ukurasa. Baada ya hapo mambo yake yaliharibika. Hakupandishwa cheo tena. Akawekwa kwenye bohari, kuhesabu mahema na matairi, mpaka vita vya pili vikamkuta humo humo.

"Baba yangu alikuwa na miaka minne," akasema. "Aliahidiwa kwamba baba yake atakuwa nyumbani Krismasi. Aliwekewa kiti mezani. Hakuja. Alipokuja, miezi imepita, alisema neno moja tu: nilikuwa na kazi. Hakueleza tena mpaka anakufa. Watu wakasema ni pombe. Wengine wakasema ni mwanamke, huku kwenu. Baba yangu sasa ana miaka tisini na kidogo, yuko kwenye nyumba ya wazee, macho hayaoni vizuri, lakini kila Krismasi inapokaribia huniuliza: ilikuwa kazi gani? Nataka nimpelekee jibu angali anasikia, Mwalimu. Lolote litakalokuwa."

Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo mtu mwenye akili angeweka kikombe chini akasema, mama, nisamehe, mimi sijui kitu. Neno lilinifika hapa kooni. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya shukrani, ameshasafiri huo umbali wote, nami nikaona aibu, na aibu ya dakika moja ikanifanya nijitafutie aibu ya maisha. Akanigeuzia ukurasa wa nyuma kabisa wa kitabu, kulikuwa na mchoro, mstari uliopindapinda kama nyoka, na juu yake vialama vidogo vidogo vimepangwa. "Na hiki ni nini? Wataalamu wa kwetu hawakujua." Nikakitazama. Nikasema bila hata kupepesa, "Hii ni safu ya milima yetu ya Upare inavyoonekana kutoka angani." Akatoa daftari lake akaandika. Kule kuandika kwake kuliniuma, nasema kweli.

Nikajifariji kwamba nitalitafuta jibu. Nikaingia mtandaoni usiku na mchana, nikasoma habari za maofisa wa anga wa zama zile mpaka nikawajua kuliko wajomba zangu, nani alipelekwa wapi, nani aliruka kutoka Misri mpaka Afrika Kusini, ndege zilikuwa za kitambaa na mbao na ziliharibika kila baada ya siku mbili. Nikaandika kurasa kumi na moja. Kulikuwa na kila kitu humo isipokuwa zile wiki tano. Na kwa zile wiki tano nikatunga. Nia yangu ilikuwa njema, naomba hilo liandikwe mahali: nilitaka yule mzee aliyelala huko Uingereza apate habari tamu ya baba yake. Kwa hiyo nikasema Meja alitua kwetu, akatuonea huruma tulivyo na kiu, akatuchimbia mfereji.

Nilivyoimaliza sentensi ile nikaona inapendeza mno. Nikamsomea mkuu wa shule. Mkuu wa shule akamwambia mtendaji wa kata. Mtendaji (anapenda sherehe huyo) akasema jambo kama hili haliwezi kupita kimyakimya, wekeni kibao pale pale mferejini, mgeni akifunue, kwaya iimbe, mchungaji aombe. "Fanyeni Jumamosi," akasema, "Jumamosi wananchi wote wanakuwa pale pale kwenye msaragambo." Mimi nikaitikia, Jumamosi safi kabisa.

Kwa wasiotoka kwetu, msaragambo ni kazi ya pamoja. Baragumu likilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kuzibua mfereji, kwa sababu maji ya kule milimani yanajazwa kwanza kwenye bwawa, tunaliita ndiva, halafu yanafunguliwa yashuke kwa zamu mashambani, na mfereji ukiziba mahindi ya watu wote yanakauka. Kila nyumba ina kipande chake cha mfereji. Nyumba yangu pia inacho. Ila mimi nilikuwa na miaka kama tisa sijakanyaga msaragambo. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na semina, kulikuwa na mgongo. (Mgongo ulikuwa mzima, mke wangu ni shahidi.) Nilikuwa natuma udhuru kwa simu kwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, Shangazi Nambike, dada wa ukoo wa marehemu baba yangu, naye ananijibu kila mara neno moja: "Nimeandika." Sikujiuliza anaandika wapi.

Jumamosi ikafika. Nikavaa suti yangu ya bluu, ile ya harusi, na viatu vyeusi vya kung'aa, kwenda mferejini! Watu wamevaa mabuti na kanga kuukuu, majembe mabegani, mimi natembea juu ya kingo kama bwana harusi aliyepotea njia. Kwaya imejipanga. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wengi wao ni watoto wa pale pale, wamekaa kwenye majani. Bi Janet amewekewa kiti cha plastiki kivulini, kitabu chake mapajani ndani ya foronya. Kibao kimefunikwa kitenge.

Nikashika kipaza sauti cha kanisa na kuanza. Jamani, nilihutubia. Nikaeleza vita vya kwanza, nikaeleza Iraki, nikaiga mlio wa injini ikipita juu ya jangwa, watoto wakacheka, mchungaji akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikapeleka ndege Misri, nikaishusha Tanganyika, nikapandisha sauti, "ndipo Meja, mtu mwenye moyo wa huruma, akaitazama nchi hii kavu..." na hapo nikaanza kuona kitu nisichokielewa. Akina mama waliokuwa mstari wa mbele wameanza kutazamana. Mzee mmoja amevua kofia, anajikuna. Lakini nilikuwa nimeshapata kasi. Nikamkaribisha mgeni afunue kibao. Bi Janet akavuta kitenge, na watu wote wakasoma kwa herufi nyeupe nilizozilipia mwenyewe kwa fundi wa mabango: HAPA NDIPO RUBANI SHUJAA MEJA TILBROOK ALIPOWACHIMBIA WANANCHI MFEREJI HUU.

Kwaya ilitakiwa iingie hapo hapo, mwalimu wa kwaya akainua mkono, akaushusha. Mfereji wenyewe ndio ulikuwa unasikika.

Shangazi Nambike akatoka katikati ya watu, mabuti yake ya mpira yanabofyabofya tope, jembe mkononi, akaja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo Shangazi," nikasema, kwenye kipaza sauti.

"Marahaba. Mwanangu, hebu nisomee hapo mwisho, macho yangu yamechoka."

"Alipowachimbia wananchi mfereji huu."

"Aliwachimbia nani?"

"Wananchi, Shangazi."

"Babu yako mzaa baba hakuwa mwananchi?"

"Alikuwa."

"Na baba yake?"

"Naye alikuwa."

"Sasa mwalimu wa historia," akanisogelea hatua moja, nami nikarudi nyuma hatua moja, "mfereji huu uliwakuta Waingereza, uliwakuta Wajerumani, ulikuwapo kabla hata hilo neno ndege halijawa na injini. Uliochimbwa na babu zako kwa majembe ya mti, unaniambia umechimbwa na nani?" Akasogea tena, nikarudi tena, na pale niliporudi hapakuwa na ardhi.

Mnajua yaliyofuata. Mama yangu, kwa sauti ya spika mbili. Nilikaa kwenye tope kitako, maji yananipita kifuani, suti imejaa kama puto, kiatu kimoja kinaondoka zake kuelekea Makanya. Nilitegemea watu watacheka, na walicheka, Mungu wangu walicheka, mchungaji ilibidi ashikwe. Lakini katikati ya kicheko watu wakaanza kupiga makofi na kuonyeshana kwa vidole, si mimi, bali mahali nilipokaa.

"Unajua umeangukia wapi?" Shangazi akauliza, naye anajifuta machozi kwa kanga.

"Sijui, Shangazi." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kweli niliyosema tangu jambo hili lianze.

"Umekaa kwenye Kipande cha Mzungu. Wanafunzi wako hapo, ni nani aliwahi kuchelewa msaragambo?" Mikono kama kumi ikanyooshwa. "Neema, simama umfundishe mwalimu wako."

Neema ni binti wa kidato cha pili anayekaa dawati la nyuma, nilikuwa nimeshamwandikia kwenye ripoti kwamba hajitumi katika somo la historia. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akanifundisha nikiwa nimekaa majini. Alisema hivi: zamani ndege ya Mzungu iliharibika injini, ikashuka hapa kwenye uwanda, magurudumu yakavunja ukingo wa mfereji, maji yote yakamwagika porini wakati mahindi yanataka maji. Kwa hiyo hicho alichokivunja kikawa kipande chake. Na mpaka leo kipande hicho hakina mwenyewe, anapewa mtu aliyechelewa au aliyetega kazi, na kabla hajapewa jembe anasimuliwa kwanza habari ya mwenye nacho. "Mimi nimepewa mara mbili, Mwalimu," akasema, akaketi.

Kwa hiyo wote walijua! Wavivu wa kijiji kizima walijua, hata watoto. Asiyejua ni yule tu ambaye hakuchelewa msaragambo kwa sababu hakuja kabisa. Nilipogeuka kumtazama Bi Janet nilitamani maji yanifunike. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Alikuwa ameelewa kila neno.

"Mama," akamwambia Shangazi, "huyo Mzungu alikaa siku ngapi?"

"Idadi kamili sikutajiwa. Niliambiwa mwezi na ziada. Aliyekuwa msimamizi wa mfereji wakati ule ni babu yangu, babu wa baba wa huyu aliyeko majini pia. Njoo nikwambie vizuri, maana wewe ndiye mwenyewe." Wakakaa wote wawili kwenye ukingo, miguu inaning'inia juu ya kichwa changu, na hakuna aliyeniambia nitoke, kwa hiyo nilisikiliza kutoka pale pale.

Shangazi akaeleza kwamba zama zile nani angemwamuru Mzungu, tena ofisa wa serikali? Hakuna aliyethubutu. Wazee hawakumwambia kitu. Waliita msaragambo, na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi mmoja wao alikwenda kulaza jembe kando ya gurudumu la ndege, kisha wakashuka mferejini wakachimba bila kumtazama. Siku ya kwanza alikaa chini ya bawa akavuta sigara. Siku ya pili alitembea ukingoni, akaangalia alichokivunja, akarudi. Siku ya tatu akalichukua jembe.

"Hakujua hata kulishika," Shangazi akasema. "Alitoka malengelenge viganja vyote. Babu akamwonyesha. Kifaa cha injini kikaja kwa treni, kikashushwa Makanya, ndege ikapona. Wakaja watu na karatasi za simu ya upepo kutoka kwa wakubwa wake, rudi, rudi haraka. Wazee wenyewe wakamwambia, nenda bwana, umesaidia, tutamalizia. Akasema kwa Kiswahili chake kibovu, kipande changu bado. Akabaki mpaka maji yakapita. Ndipo akaruka. Babu alikuwa anasema yule ni mtu pekee aliyewahi kupewa kipande bila kuomba kipunguzwe." Hapo akanitupia jicho.

Bi Janet akafungua foronya, akafunua ukurasa wa nyuma, ule mchoro wa nyoka. Shangazi akauinamia, akacheka kwa furaha kama aliyeona picha ya mtu wa nyumbani. "Si mfereji huu! Hapa unapinda penye jiwe, hapa unashuka. Na hivi vialama ni hatua, kila kipande kinapimwa kwa hatua za miguu. Vihesabu." Bi Janet akahesabu kwa kidole. Thelathini na nane. Shangazi akainuka, akaanzia kwenye jiwe, akatembea juu ya ukingo akihesabu kwa sauti, na watu wote wakamwitikia, ishirini, thelathini, thelathini na tano, na hatua ya thelathini na nane mabuti yake yakasimama juu ya kigingi cha mwisho wa kipande. Bi Janet akaficha uso kwa kofia, akalia. Mimi nami nililia, ila nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyejua.

Nikapanda nikatoka, nikaenda mbele yake na kiatu kimoja. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Ile haikuwa milima. Sikujua chochote." Akasema, "Nilijua tangu siku ile ya chai, Mwalimu. Ulikuwa unajibu haraka mno. Lakini nilikuwa sina mwingine." Heri angenitukana. Halafu akatoa simu. "Sasa nisaidie kutafuta mtandao."

Mtandao ulipatikana juu ya ukingo, palepale penye jiwe. Upande wa pili akatokea muuguzi, kisha kitanda, kisha uso wa mzee mdogo mweupe kabisa ameinamia simu kwa sikio badala ya macho. Bi Janet akamsimulia yote kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti ya juu, ndege, mfereji, jembe kando ya gurudumu, karatasi za kumwita arudi, hatua thelathini na nane. Watu wote walisogea kusikiliza ingawa wengi hawakuelewa lugha. Kisha yule mzee akauliza jambo fupi. Bi Janet akashindwa kulitafsiri, midomo imekataa, akanionyesha mimi.

Nikachukua kipaza sauti (kilikuwa bado kinafanya kazi, vitu vya kanisa hivyo). "Anauliza," nikasema, "anauliza, je, maji yalifika?"

Weee! Zile kelele. Shangazi Nambike akaipokonya ile simu, akaielekeza mashambani, kwenye mahindi ya kijani yanayoshuka mpaka unapoanza uwanda mkavu, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde, "Yalifika baba! Yanafika hadi leo! Tazama!" Kwamba mzee haoni, wala hakuna aliyemwambia. Akina mama wakapiga vigelegele. Na yule mzee, nilimsikia kwa masikio yangu, alicheka, kicheko chembamba cha mtoto, akasema neno ambalo Bi Janet alilirudia kwa Kiswahili bila msaada wangu, "Kumbe kweli alikuwa kazini."

Akasema pia, mwambie mama huyo asante kwa kumtunzia baba kipande chake. Shangazi akajibu kwamba asante ni kazi, na kipande kimejaa tope, na aliyetega miaka tisa yupo hapa hapa. Akatoa daftari kwenye kifua cha gauni lake. Kumbe aliandika kweli. Kila udhuru wangu, kila Jumamosi, mgongo umeandikwa mara kumi na nne. Nikavua koti la harusi nikaingia, Bi Janet akakunja suruali akaingia nyuma yangu, akakataa kabisa kutolewa, na kile kibao changu wakakilaza kifudifudi kwenye tope ili mama mgeni asiteleze akipanda.

Hicho ndicho kisa changu, chekeni mmalize. Nimebadilisha ripoti ya Neema. Suti haikufaa tena. Na nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya ofisi nzima ya walimu kwamba sitasimulia tena habari ya mtu kabla sijakaa chini kwa wenye nayo, hata wakinicheka, hata mgeni awe amesafiri kutoka wapi. Watu bado wananisimamisha hapa mjini wanataka kujua yule Meja alikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia waende wenyewe Jumamosi, wafike wamechelewa kidogo, watasimuliwa na kupewa jembe.